Punje ya Mahindi Ndani ya Ua la Vitofali

Mimi Francine ni muntu wa kuuliza. Mama yangu alisema nilitoka tumboni mwake nikiangalia huku na huku kama muntu aliyepotea sokoni, na tangu siku hiyo mudomo wangu haujafungwa. Nikikukuta njiani nitataka kujua unatoka wapi, umebeba nini, na kwa nini umekibeba kichwani na si mugongoni. Wengine wanakasirika. Wakasirike! Kuuliza si ujinga, na hapa Kindu ukikaa bila kuuliza, hata habari ya kifo chako utaletewa na jirani.

Sasa Mungu, ambaye naye anapenda muchezo, akanioza kwa muntu asiyesema. Bwana yangu Godefroid ni mwashi. Kuta nyingi za mutaa wetu wa Mikelenge amezisimamisha yeye, na nadhani zinaongea kuliko yeye. Ukimuuliza, "Baba Yvette, chumvi imetosha?" atakula mpaka mwisho, atanawa, atajipangusa mudomo, halafu atasema, "Imetosha." Wakati huo mimi nimeshasahau niliuliza nini.

Tunaitwa Baba Yvette na Mama Yvette kwa sababu ya binti yetu wa kwanza. Alikufa wakati wa vita. Wadogo zake wawili walikuja nyuma, wamekua, wako Kalima na familia zao, lakini jina letu halikubadilika. Kila asubuhi jirani akitusalimu, analitaja lile la Yvette.

Basi huyu bwana yangu, mwenye mikono kama majembe, ana kazi yake ya pili: anatengeneza maua. Si ya bustani. Ni maua ya vitofali vya kuchezea, vile vya plastiki vyenye vinundu juu, ambavyo watoto wanashikamanisha kimoja juu ya kingine. Yako manane. Yalikaa juu ya kabati ya nyumba yetu miaka ishirini na tano, na hakuna aliyeruhusiwa kuyapangusa vumbi isipokuwa yeye. Kila ua lina vitofali themanini. Ua moja tu, lile la boga, lina sabini na tisa, na katikati yake, pale pa kitofali cha themanini, alikuwa ameweka punje ya mahindi ya manjano. Fukusi wakiila, anaweka nyingine.

Kila mugeni aliyeingia kwetu aliuliza juu ya ile punje. Nitawaeleza, lakini munivumilie, maana mimi mwenyewe nimo ndani ya habari hii, na si mahali pazuri.

Mwaka wa tisini na nane, vita ilipotukaribia, Godefroid alikuwa anatengeneza ukuta wa shule ya watoto wadogo, upande wa gare, kwenye kituo cha treni. Direktrisi, mukubwa wa shule, alikuwa Madamu Espérance, mwanamuke mufupi mwenye sauti ya kusimamisha treni. Yvette wetu alikuwa na miaka mitano, na njo pale alikuwa anasoma. Shule ilikuwa na sanduku moja la vitofali, zawadi ya wafadhili wa mbali, na kila saa sita, kabla watoto hawajarudi kwao, Madamu aliwapanga chini wavihesabu vyote kwa mafungu ya kumi. Mia sita na arobaini. Kama kimoja hakionekani, hakuna kurudi nyumbani. Nimesimama pale mulangoni mara nyingi, jua lote kichwani, nikingojea mutoto kwa sababu ya kitofali kimoja kilichojificha ndani ya kiatu cha muntu.

Siku wenye silaha walipokuwa wanaingia muji, Madamu alipata nafasi katika ndege. Alimukuta Godefroid pale ukutani, bado anashika truweli yake ya kupakia udongo kama kwamba hakuna kinachotokea, akamuwekea lile sanduku mikononi. Kwenye kifuniko alikuwa ameandika kwa kalamu nene: Vitofali 640.

"Godefroid, unitunzie hiki kitu cha watoto," akasema. "Nitarudi kuhesabu."

Hiyo "nitarudi kuhesabu", mimi ningeisahau kabla ya kufika kwenye kona. Godefroid aliishika kama kiapo.

Shida njo hii: alilibeba lile sanduku muchana, siku ya uporaji, na barabarani kila muntu alikuwa amebeba kitu. Huyu kitanda, huyu mulango wa ofisi, mumoja alikuwa amejitwika choo kizima cha Wazungu bila kujua atakitia wapi. Nani angejua kwamba mwenye sanduku la shule alikuwa mutunzaji na si mwizi? Kesho yake shule ilikutwa bila hata dirisha, na watu wakakumbuka: Godefroid alitoka pale na kitu kichwani. Wakamupa jina, Godefroid Vitofali. Akipita sokoni walicheka.

"Baba Yvette, jitetee!" nilimuambia. "Uwaambie Madamu njo alikupa!"

Akawaza. Akawaza tena. "Madamu akirudi atahesabu," akasema.

Nilitamani kumutupia sufuria.

Yvette aliruhusiwa kuvichezea, kwa sababu, baba yake alisema, yeye alikuwa mwanafunzi wa ile shule. Lakini baada ya kucheza, vyote vihesabiwe. Wakati ule treni haikuja tena, sabuni haikuonekana, chumvi tulikuwa tunaitafuta kama dhahabu, na bwana yangu anakaa chini na mutoto wanahesabu vitofali! Siku moja kimoja kikakosekana. Tukapindua nyumba. Tulikipata siku ya tatu, ndani ya sufuria ya sombe, katikati ya majani ya muhogo. Nilikuwa nimekipika.

Musione nacheka. Godefroid hakucheka. Baada ya siku mbili akatoka na fikra moja ya kimwashi kabisa.

"Matofali yakiwa lundo uwanjani," akasema, "jirani akichukua moja, hutajua. Ukiyajenga, akichukua moja, shimo litakuonyesha."

"Sasa utajenga ukuta humu ndani?"

"Ukuta watoto wataubomoa. Nitajenga kitu ambacho muntu anaona haya kukiharibu."

Njo hapo maua yalipoanzia. Watu wanadhani alikuwa anapenda urembo. Urembo wapi! Ilikuwa hesabu. Maua manane, vitofali themanini kila moja, ukipiga jicho moja tu kabatini unajua kama vyote viko.

Lakini kujua kujenga ukuta si kujua kujenga ua. La kwanza lilikuwa limesimama kama tanuru ya kuchomea matofali, nene chini, nene juu. Yvette alicheka mpaka akalala chini. "Baba, hilo si ua, hilo ni choo!" Akamushika baba yake mukono, akamuvuta mpaka nyuma ya nyumba kwenye maboga yangu, wakachuchumaa wawili mbele ya ua la boga lililofunguka. Walikaa pale asubuhi nzima. Ayoubu, jirani yetu fundi wa baiskeli, akapita akawaona, akanisogelea polepole.

"Mama Yvette, bwana yako anafanya nini pale? Anasali?"

"Anasoma," nikamujibu.

"Ah. Mungu amusaidie," akasema Ayoubu, akaenda zake.

Na njo Yvette aliyegundua namna ya kulipinda jani la ua. Usiweke kitofali sawasawa juu ya kingine. Kisogeze inje nundu moja, na kinachofuata nundu moja tena, mpaka jani linaanza kujikunja lenyewe. Baba yake naye akamufundisha sheria ya ukuta, kwamba kiungo kisikae juu ya kiungo, la sivyo kitu chote kitapasuka mustari mumoja. Alikuwa akijenga na mukono wa kushoto, yule mutoto. Wazee wetu hawapendi hivyo, wanasema kushoto ni kwa mambo machafu, na mama yangu alikuwa anamufunga kitambaa ili azoee wa kuume. Godefroid alikifungua kile kitambaa mwenyewe, mbele ya mama-mukwe wake, jambo ambalo hapa kwetu si dogo. Alisema katika maisha yake aliwaona waashi wawili tu wenye kona ya kunyooka kabisa, na mumoja alijenga na kushoto.

Basi wakajenga. Ua la boga la manjano. Ua la bamia, na moyo wake mwekundu. Ua la pamba jeupe. Moja la buluu, la yale majani yanayoelea juu ya muto Lualaba. Mengine siyajui, waliyatoa kichwani mwao, na nilipouliza ni maua gani, Yvette aliniambia, "Mama, na wewe, usiulize kila kitu!" Mutoto wa miaka sita. Nilimuangalia hivi, nikaona nimejizaa mwenyewe.

Muji haukuwa na kitu kizuri wakati ule, hata ua la plastiki la harusi. Walewale waliomuita mwizi wakaanza kuja, macho chini, kuazima maua. Godefroid aliwapa, lakini alikwenda nayo mwenyewe harusini, akakaa karibu nayo kama askari. Kwa harusi ya Blaise, kinyozi wa huku kwetu, kitofali kimoja chekundu kikapotea katikati ya ngoma. Yo! Godefroid akasimama kwenye mulango wa parseli, pa kutokea uwanjani, akasema hakuna kutoka. Bibi harusi akavua viatu, akatikisa. Mashemeji wakakagua mifuko. Kilikuwa mudomoni mwa mudogo wa Blaise wa miaka miwili, anakinyonya, ametulia. Mpaka leo Blaise akinyoa muntu anasimulia hiyo.

Mwaka wa elfu mbili, mwezi wa tano, Godefroid alitoka na Ayoubu na baiskeli kutafuta chumvi njia ya Kampene. Ayoubu alirudi peke yake, kwa muguu, nguo zimepasuka. Askari wamewakamata, yeye ametoroka, Godefroid amebebeshwa mizigo yao wakaingia naye porini. Hakuna aliyejua kama ni muzima.

Mwezi wa nane Yvette akashikwa na homa. Dawa hazikuwemo muji muzima. Alilala siku nne. Siku ya pili aliniomba ua la boga, nikamuletea kitandani. Akachomoa kile kitofali cha manjano cha katikati, moyo wa ua, akakifumba mukononi. "Baba akirudi, nitamurudishia mwenyewe," akasema. Hakukiachilia tena. Siku ya nne asubuhi alipotutoka, mukono ulikuwa bado umefumba.

Rafiki yangu Jeannette njo alikuja tumuoshe pamoja. Akataka kuufungua ule mukono.

"Francine, mutoto hazikwi na muchezo. Tena mukono wa kushoto! Tukikiacha, angalau tukihamishe kwa wa kuume."

"Jeannette," nikamuambia, "ukiugusa huo mukono, urafiki wetu umeisha leo."

Akauacha. Tukamuzika hivyo.

Sasa munajua kile kitofali kiko wapi. Katika Kindu yote tulijua wawili tu, mimi na Jeannette, na Jeannette ametangulia miaka mingi sasa.

Godefroid alirudi mwezi wa kumi na mbili, mifupa mitupu. Habari ya mutoto aliipata ng'ambo, Alunguli, kabla hata ya kuvuka muto. Aliingia ndani, akakaa. Hakuniuliza kitu. Siku ya kwanza, hakuna neno. Siku ya pili, hakuna neno. Siku ya tatu akasimama, akashusha maua, akayahesabu moja moja, halafu akageuka akanitolea maneno ya kwanza tangu arudi:

"Mama Yvette, kimoja kinakosekana."

Mungu anisamehe. Nilimutazama yule muntu. Mutoto wake ameingia ardhini. Hakuuliza aliumwa nini, hakuuliza aliumwa siku ngapi, hakuuliza kama alimuita. Anauliza kitofali! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Tafuta," nikamuambia. Nikatoka inje.

Akatafuta. Alichimba sakafu ya udongo ya kile chumba, akaisindilia tena. Alichekecha majivu ya jikoni. Alipitia jalala letu kwa mikono, kiganja kwa kiganja. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kibaraza nachambua muchele, namuangalia, na moyoni nasema: tafuta, baba, tafuta.

Ile hasira niliilea mwaka mumoja, labda miwili. Halafu ikaisha, na aibu ikakaa kwenye kiti chake. Maana unamuambiaje muntu, "Kile ulichokitafuta miaka miwili, mimi nilijua kilipo"? Na ikishakuwa mitano? Na ikishakuwa kumi? Nikajiwekea hukumu yangu mwenyewe: siku atakayoniuliza juu ya Yvette, siku hiyohiyo nitamuambia yote. Hakuuliza. Mimi niliyeuliza kila kitu cha kila muntu, nilikaa miaka ishirini na nne nangojea kuulizwa jambo moja.

Yeye hakuchoka. Vita ilipoisha, kila aliyesafiri alimuagiza kitofali kimoja cha manjano. Mupwa wa Ayoubu alimuletea kimoja kutoka Goma. Rangi ilikuwa njo yenyewe, lakini vinundu vilikataa kushika. Akachonga kimoja cha muti, akakipaka rangi, akakitia katikati ya ua, akakitazama wiki nzima. Halafu akakitoa. "Hiki kinadanganya," akasema. Njo akaweka punje ya mahindi. "Mahindi hayadanganyi. Kila muntu anaona ni mahindi."

Shule ikapata bati jipya, watoto wakarudi. Nikamuambia, "Peleka basi vile vitofali, watoto wavichezee!" Akaniuliza kama ningemukabidhi muntu nyumba isiyo na kona. Walitaka kumuchagua mukubwa wa shirika letu kanisani, akakataa mbele ya wote. Alisema aliyepoteza kitu cha watoto hawezi kushika cha wazee. Watu waliona unyenyekevu. Mimi nilikaa kwenye benchi, nikaangalia viatu vyangu. Na nikipita shuleni niliwaona watoto wanahesabu kwa vijiti vya fagio, wakati vitofali viko kwangu kabatini, kwa sababu ya mudomo wangu mumoja uliofungwa pasipopaswa.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Ayoubu akaja anakimbia na simu mukononi, muzee muzima, kofia imekaa upande. Madamu Espérance yuko anarudi kutoka Kinshasa. Muzima. Miaka themanini. Ameuliza jambo moja tu: Godefroid mwashi bado yuko?

Godefroid alifua shati lake jeupe, akalipiga pasi mwenyewe. Halafu akakaa mbele yangu, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa siku moja.

"Nitapiga magoti. Nitamuambia alinipa kitu kizima, namurudishia kilichovunjika. Watu walisema mimi ni mwizi. Nilidhani wamekosea. Lakini aliyeachiwa kitu cha watoto na hakukitunza, jina lake ni gani lingine?"

Nilifungua mudomo. Niliapa nitasema. Nikamuuliza kama anataka chai.

Kesho yake asubuhi tukayabeba maua ndani ya mabeseni, yeye akiwa na lile sanduku pia, mpaka shuleni. Madamu alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya darasa, fimbo magotini. Amekuwa mudogo, amekauka, lakini sauti bado ile ya treni.

"Godefroid."

"Madamu."

"Nilisema nitarudi kuhesabu."

Nilidhani atacheka, atasema aah, yaacheni hayo ya zamani. Wapi! Akavuta meza. Walimu wakasogea, Ayoubu alikuwa mulangoni, na watu wa jirani walikuwa wameshasikia. Godefroid akaanza kuvunja maua, moja baada ya jingine, anapanga mafungu ya kumi, na Madamu anafuata kwa kidole. Sikuwahi kuyaona yanavunjwa. Ua la bamia. Ua la pamba. Lile la buluu. Kila moja lilichukua muda, kwa sababu yule mutoto na baba yake walikuwa wameyafunga vizuri. Mwisho ua la boga. Akaitoa kwanza ile punje, akaifumba kiganjani, akavunja linalobaki.

"Mia sita thelathini na tisa," akasema Madamu.

Nikaona magoti ya Godefroid yanaanza kukunjika, yale magoti mazee, yanalia kama mulango.

"Simama!" nikapiga kelele. Sijui sauti ilitoka wapi. "Simama, Baba Yvette. Hukukipoteza wewe. Kiko na Yvette."

Akabaki hivyo, nusu chini nusu juu, ameshika meza.

Nikasema yote. Mbele ya walimu, mbele ya Ayoubu, mbele ya wenye midomo mirefu kuliko wangu. Ua la boga kitandani. Mukono uliofumba. Jeannette. Na hasira yangu pia nikaisema, kwamba nilijua siku ile ya kwanza na nikamuambia tafuta, nikakaa namuangalia anachekecha majivu. Nilingojea anitukane. Nilikuwa namutaka anitukane.

Godefroid hakunitazama. Alikuwa anaitazama ile punje kiganjani.

"Mukono gani?" akauliza.

"Nini?"

"Alikishika kwa mukono gani?"

"Wa kushoto," nikasema. "Jeannette alitaka kukihamisha. Nikakataa."

Akainamisha kichwa mara mbili, vile anavyofanya akiweka kamba yake ya kupimia kwenye ukuta akikuta umesimama sawa. "Vema," akasema. Halafu akakaa chini kwenye kibenchi cha watoto, akalia mbele ya watu wote. Nilikuwa sijawahi kuyaona machozi yake.

Madamu Espérance alimuacha alie. Kisha akaomba kalamu.

"Yvette alikuwa wa hapa, si ndiyo?" akaniuliza. "Yule wa kushoto?"

"Alikuwa wa hapa, Madamu."

"Basi hakuna kilichopotea. Kitu cha shule kiko na mwanafunzi wa shule." Akavuta kifuniko cha sanduku, na chini ya maandishi yake ya zamani akaandika, polepole: Nimehesabu. 639 viko hapa. Kimoja kiko na Yvette. Akatia sahihi, akakiinua juu kielekee mulangoni. "Na wale waliosema Godefroid ni mwizi, waje wasome!"

Ayoubu alikuja kwanza. Hakuwa amewahi kusema hivyo, maskini, lakini alisoma kwa sauti ili wengine wasikie.

Godefroid alipopata nguvu alisimama, akaenda dirishani, akaitupa ile punje inje. Kuku wa muntu akaiokota palepale, akaimeza. Miaka yote ile ya mahindi, na kuku hakujua hata cha kushukuru. Nilicheka na machozi yananitoka. Kisha akakaa mezani akayajenga maua upya, maana Madamu alikataa vitofali vilale tena sandukuni. Alitaka viwe kwenye dirisha la darasa, watoto wavijenge na wavivunje. Ua la boga alilijenga mwisho. Katikati aliacha shimo, wazi, hakutia kitu.

Tulirudi nyumbani kwa muguu. Ayoubu alitaka kutuitia pikipiki, Godefroid akakataa. Tulipita soko bila neno, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri kwamba imekwisha, kwamba huyu muntu atarudi kwenye kimya chake kama konokono.

"Alianza kuumwa siku gani?" akauliza.

Nikasimama pale katikati ya njia, pikipiki zinapiga honi.

"Jumatatu," nikasema.

"Asubuhi ao muchana?"

"Asubuhi. Alikuwa amekataa uji."

"Uji wa nini?"

"Wa muhogo. Mahindi hayakuwepo."

"Alisema nini akikataa?"

Nikamuambia. Akauliza tena, nikamuambia tena. Aliuliza juu ya shuka, juu ya maji, juu ya nani alikuja kumutazama siku ya kwanza na nani siku ya pili, aliuliza kama mimi ninavyouliza, bila kunipa nafasi ya kumeza mate. Tulipofika kwenye mulango wetu nilikuwa bado kwenye siku ya pili. Aliupita mulango, akaendelea kutembea, nami nikamufuata.